Kimondo kikianguka Thika, kipande kibaki

Jumamosi ya Julai 16, 2011, mwendo wa saa nne asubuhi, mshindo mkubwa ulisikika upande wa mashariki wa mji wa Thika. Anayetoka mjini kwa barabara ya Garissa, akazipita Makongeni na Landless, haendi mbali kabla ya kuingia katika nchi ya mananasi na mahindi. Huko, katika eneo la Kihiu Mwiri, jiwe jeusi lenye uzito wa kilo tano hivi lilipatikana limejichimbia shambani. Vipande vingine viliokotwa baadaye, na orodha ya kimataifa ya vimondo imeandika jumla ya kilo 14.2. Orodha hiyo inakiita kimondo chetu Thika, basi, na kando ya jina imeweka herufi moja na tarakimu moja: L6. Mshindo ulizungumzwa sana wakati ule, na jiwe likapigwa picha. L6 haikumshughulisha mtu. Nami nadai kwamba katika tukio zima daraja hilo ndilo lililokuwa na uzito, kwa sababu daraja la kimondo hupatikana kwa kulilinganisha jiwe moja na mengine, na asiyejiwekea jiwe hana cha kulinganisha. Kenya inapaswa kubaki na kipande cha kila kimondo kinachoangukia ardhi yake, hata kikiwa cha kawaida kupindukia.

Tulitazame kwanza jiwe lenyewe. Kimondo cha aina hii kikiokotwa kingali kipya huwa na gamba jeusi lisilofika unene wa milimita moja. Ni mwamba wake wenyewe ulioyeyuka kwa joto kilipokuwa kikipasua anga, ukaganda katika sekunde za mwisho za safari. Gamba likibanduka, ndani mna rangi ya saruji iliyokauka, na ukiligeuza jiwe juani vinametameta vijichembe vya chuma chenye nikeli. Ning'iniza sumaku ndogo kwa uzi, isogeze karibu, itaelemea upande wa jiwe. Hapo macho na mikono vimemaliza kazi yao. Kinachofuata ni kukata kipande na kukisugua hadi kibaki na unene wa mikroni 30, ambapo mwanga hupenya mwamba kama unavyopenya kioo. Chini ya hadubini, madini ya olivini na piroksini huwaka rangi za buluu, manjano na waridi, na katikati yake mtaalamu hutafuta vitone vya mviringo, vingi vyao vidogo kuliko milimita moja, viitwavyo kondruli. Hivi vilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka, yakielea kuzunguka Jua changa miaka bilioni 4.56 iliyopita, kabla Dunia haijawa Dunia. Mawe yaliyobeba kondruli huitwa kondraiti. Katika kondraiti ya daraja la 3 vitone hivyo vina kingo kali. Katika daraja la 6 kingo zimefifia na kuungana na mwamba unaozizunguka, kwa kuwa jiwe lilikaa ndani ya sayandogo yake likipikwa kwa joto la mamia ya nyuzi bila kuyeyuka. Hiyo ndiyo 6 ya Thika. L nayo inahusu chuma. Mashine inayochoma madini kwa mwali wa elektroni hupima kiasi cha chuma kilichoingia ndani ya olivini: kipimo kikiwa kati ya asilimia 22 na 26 hivi, jiwe ni la ukoo wa L. Kikishuka chini ya 20 ni ukoo wa H, wenye metali nyingi zaidi, na kikipanda juu ya 26 ni LL, wenye metali haba.

Utaratibu huu wa herufi na tarakimu umepata kazi yake kubwa kuliko zote Antaktika. Mwezi Desemba 1969, wanasayansi wa Japani waliokuwa wakipima mwendo wa barafu karibu na milima ya Yamato waliokota vimondo tisa katika eneo dogo. Mtu angedhani ni kimondo kimoja kilichopasuka. Walipovichunguza wakakuta ni vya aina mbalimbali, kwa hiyo havingeweza kuwa vilianguka siku moja. Maelezo yakawa kwamba barafu hubeba kila jiwe linaloiangukia, husogea nalo polepole kuelekea baharini, na inapozuiwa na milima hukwama. Upepo mkavu huilamba barafu hiyo iliyokwama mwaka baada ya mwaka, na mawe ya maelfu ya miaka hubaki juu yake, meusi kwenye uwanja wa samawati. Wamarekani walianza misafara yao mwaka 1976, wakiongozwa na William Cassidy wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na leo vimondo vilivyookotwa Antaktika na mataifa yote vimepita 45,000. Hakuna pahali pengine duniani palipotoa mawe mengi hivyo yenye kumbukumbu safi.

Lakini wingi huo usingekuwa na maana bila kazi ya kikarani inayofuata. Jiwe halishikwi kwa mkono. Hupewa namba palepale lilipolala, huingizwa katika mfuko safi, na husafirishwa likiwa limegandishwa hadi Houston, ambako huyeyushwa barafu ndani ya kabati lililojazwa nitrojeni ili lisishike kutu. Kisha mtu hukaa nalo akaliandika: urefu, upana, uzito, rangi ya gamba, nyufa, na kiwango cha kutu kwa herufi A, B au C. Kipande kidogo hupelekwa Taasisi ya Smithsonian kutolewa daraja, na maelezo yote huchapishwa katika jarida la mara mbili kwa mwaka, ambalo mtafiti yeyote wa nchi yoyote anaweza kulisoma na kuomba kipande. Jina la jiwe hutaja mahali, mwaka na namba, bila mbwembwe. Ni kazi ya kuchosha, haina picha za kupamba ukurasa wa mbele, na nadhani ndiyo sababu hatuionei wivu.

Faida yake huonekana pale wataalamu wanapokosea, na hukosea. Desemba 27, 1984, Roberta Score aliona katika vilima vya Allan jiwe la kilo 1.93, likaandikwa ALH 84001. Lilipofanyiwa uainishaji wa kwanza likaingizwa katika kundi la diojeniti, mawe ya sayandogo yasiyo na kondruli, na hapo likasahauliwa kwa karibu miaka tisa. Mwaka 1993 David Mittlefehldt, aliyekuwa akichunguza diojeniti kwa ujumla wake, akagundua kwamba madini ya jiwe hilo hayafanani na ya wenzake. Lilikuwa limetoka Mirihi. Miaka mitatu baadaye, David McKay na wenzake walitangaza kwamba huenda ndani yake mna alama za viumbe vidogo vya kale, na Rais Bill Clinton akasimama mbele ya kamera kulizungumzia. Madai hayo ya uhai hayakukubaliwa na wanasayansi wengi, na mimi simo miongoni mwa wanaoyatetea. Ninachokitaka hapa ni kabati. Aliyekosea alikuwa na haki ya kukosea kwa sababu jiwe lilikuwa limewekwa mahali panapojulikana, na aliyesahihisha aliweza kusahihisha kwa sababu alilikuta.

Kisa kinachotuhusu sisi zaidi kilianza Laikipia. Usiku wa Januari 28, 1934, mawe yalianguka Rumuruti. Moja kati yake, ambalo orodha za leo hulipa gramu 67, lilipelekwa Berlin, katika jumba la makumbusho ya historia ya asili, na huko likakaa miongo sita hivi bila kusumbuliwa. Vita vya pili vya dunia vilipita juu yake, mji ukagawanywa, ukaunganishwa tena. Wakati huohuo wataalamu walikuwa wakihangaika na mawe machache yasiyoingia katika ukoo wowote. La kwanza lilipatikana Australia mwaka 1977, likaitwa Carlisle Lakes. Mengine mawili yalitoka Antaktika: Yamato 75302, na ALH 85151 kutoka vilima vilevile vya Allan, dogo sana. Yote matatu yalikuwa na kondruli, lakini metali ilikuwa karibu haipo, na olivini yake ilikuwa imejaa chuma hadi karibu asilimia 40, mbali kabisa na H, L na LL. Oksijeni yake nayo ilikuwa na uwiano wa aisotopu usiopatikana katika kondraiti nyingine zilizojulikana. Ilionekana kana kwamba chuma chote cha mawe hayo kilikuwa kimeshaungana na oksijeni. Swali likawa, kiliungana wapi? Jiwe la jangwani na jiwe la barafuni yote mawili hushika kutu, na mwenye shaka angeweza kusema kwamba sehemu ya hali hiyo ni uharibifu wa hapahapa duniani. Tena mawe matatu hayatoshi kuunda kundi: desturi ya fani hiyo hudai walau matano, na kabla ya hapo huitwa kijikundi tu.

Ndipo mwaka 1993 wanasayansi wa Ujerumani walipolitoa lile jiwe la Rumuruti katika hifadhi ya Berlin, wakalikata na kulipima. Lilikuwa ndugu wa yale matatu. Tofauti yake ni kwamba lilionekana likianguka na likaokotwa, halikulala karne nyingi kwenye mchanga wala chini ya barafu, kwa hiyo ile hoja ya kutu ilipoteza nguvu: chuma chake kilikuwa kimeoksidishwa kabla hakijafika kwetu. Mengine yalipoongezeka kutoka Algeria na Antaktika, kundi likakamilika, na kwa kuwa jiwe la Kenya lilikuwa la kwanza la aina hiyo kushuhudiwa likianguka, kundi zima likachukua herufi ya mji wa Laikipia. Leo kuna kondraiti za R zaidi ya 200, nyingi kutoka Sahara. Msafara ukiokota jiwe la namna hiyo Antaktika kesho, atakayeliandika Houston au Tokyo ataandika R, na R maana yake ni Rumuruti.

Msomaji makini atauliza hapa kama sijajipinga mwenyewe. Jiwe la Rumuruti lilitambuliwa kwa sababu lilipelekwa Berlin. Lingebaki Kenya ya mkoloni mwaka 1934, pengine lingeishia kuzuia mlango wa ghala la mlowezi fulani. Nakubali kabisa, na sina kinyongo na droo ya Berlin. Iliyofanya kazi ni droo yenye kibandiko, ndani ya taasisi isiyotupa vitu, na mwaka 1934 droo kama hiyo haikuwa rahisi kuipata hapa. Sasa tuna Makumbusho ya Taifa yanayohifadhi visukuku vya mamilioni ya miaka kwa ustadi unaoheshimiwa duniani, na tuna idara za jiolojia vyuoni. Anayeweza kulinda fuvu la Turkana hawezi kushindwa na jiwe la ukubwa wa ngumi. Wala sisemi kila kitu kibaki. Nasema kipande kibaki, kingine kiende kwa wenye mashine, na majibu yarudi na namba ya kipande.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Thika si Rumuruti. Kondraiti za kawaida, yaani H, L na LL, ni zaidi ya robo tatu ya vimondo vyote vinavyoonekana vikianguka, na L6 ndiyo aina ya kawaida miongoni mwa za kawaida. Antaktika ina maelfu yake. Je, kuna haja gani ya kuhangaikia kilo chache za Thika? Jibu la kwanza ni kwamba ukawaida wenyewe una historia. Umri wa mawe mengi ya ukoo wa L unaonyesha kwamba sayandogo iliyoyazaa ilipondwa katika mgongano mkubwa miaka milioni 470 hivi iliyopita, na katika machimbo ya chokaa nchini Sweden vimepatikana vimondo zaidi ya 100 vilivyogeuka visukuku, vilivyonyesha baharini zama hizohizo. Inawezekana sana kwamba mawe ya L yanayotuangukia leo ni makombo ya ajali hiyo. Ili kujua kama jiwe fulani lilikuwamo katika ajali hiyo, lazima lipimwe lenyewe. Herufi haitoshi. Jibu la pili ni lile la upya. Kimondo cha Antaktika kimeshakaa makumi au mamia ya maelfu ya miaka, na hata ALH 84001, ambacho hakikukaa sana, kilikuwa na miaka 13,000 kwenye barafu. Tarehe yake ya kuanguka haipo. Kilichoanguka Jumamosi asubuhi kina saa na siku, na ndani yake mna sodiamu-22, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 2.6. Ikipimwa mapema, hutoa taarifa juu ya mionzi iliyolipiga jiwe lilipokuwa likisogea karibu nasi. Ikicheleweshwa, imekwenda, na hakuna barafu ya kuirudisha.

Kuna na jiwe jingine la Kenya la daraja hilohilo. Machi 6, 1853, kimondo kilianguka Duruma, katika nchi ya nyuma ya Mombasa. Nacho, baada ya kuchunguzwa, ni L6. Habari zake tunazipata kwa wamisionari wa Kijerumani peke yao, kwa hiyo tuzisome tukijua nani alishika kalamu: wanasema wenyeji walilipaka mafuta, wakalivika nguo na shanga, wakakataa kata kata kuliuza, na wakaliachia baada ya uvamizi wa Wamasai kuwavunja moyo. Likaishia Ujerumani, likiwa na uzito wa nusu kilo na ushei. Tukiliondolea simulizi hilo dharau ya msimuliaji, tunabaki na jamii iliyoona jiwe likianguka, ikalitenga na mawe mengine, ikalikinga na mvua, na ikajua aliye na dhamana nalo. Hayo ni masharti yote ya makumbusho isipokuwa kibandiko. Sasa tuna L6 mbili kutoka nchi moja, zilizopishana miaka 158. Zilianza safari pamoja au la? Ni swali zuri la shahada ya uzamili katika chuo cha Nairobi, na mwanafunzi atakayelichagua anapaswa kuweza kuviona vipande vyote viwili.

Wapo watakaosema kwamba soko ndilo linalookoa vimondo. Wanunuzi kutoka nje walifika, wakalipa, na vipande vya Thika vimeuzwa kwa gramu katika nchi za mbali. Bila wao, huenda mawe mengine yangelimwa pamoja na mahindi. Kuna ukweli hapo, na sioni ubaya mkulima akipata pesa kwa kilichotua shambani mwake. Ndiyo maana sipendi mfano wa kupiga marufuku moja kwa moja. Afrika Kusini inavilinda vimondo chini ya sheria yake ya urithi ya mwaka 1999, na huwezi kuvitoa nchini bila kibali, lakini sheria ya namna hiyo isiyo na fidia humfundisha mwenye shamba kunyamaza. Antaktika hakuna mwenye shamba, kwa hiyo kanuni zake haziwezi kuhamishwa hadi Thika zilivyo. Kwa upande mwingine, soko lisilo na masharti huhifadhi kile chenye bei. Kipande kizuri chenye gamba hupata mteja. Vumbi na vijipande, pamoja na maelezo ya kila kimoja kilipookotwa, havina mnunuzi, na hayo ndiyo ambayo karani wa Houston angeyaandika kwanza. Mbozi, kimondo cha chuma cha Tanzania chenye takriban tani 16, bado kipo kwao Songwe. Sitawasifu wenyewe kupita kiasi: uzito ulisaidia.

Kanuni ya kubaki na kipande ina manufaa mengine ya kila siku, ambayo mtu wa Landless atayaelewa upesi. Thika ni mji wa viwanda, na masalia ya vyuma vilivyoyeyushwa yametupwa huku na huku, meusi, mazito, mengine yakivuta sumaku. Juja jirani huchongwa mawe ya Ndarugo, na mashamba mengi yana miamba ya volkeno yenye vishimo vya mapovu. Kila moja la mawe hayo laweza kuletwa na mtu anayeamini ameokota utajiri. Vimondo vya mawe kwa kawaida havina mapovu, lakini maneno hayo hayamridhishi aliyebeba jiwe lake kwenye gunia. Atakayemridhisha ni mtu mwenye kipande halisi cha Thika mezani, ayaweke mawili pamoja, amwonyeshe gamba na vijichembe vya chuma. Na amwambie, kwa ajili ya mara nyingine, asitumie sumaku zile zenye nguvu sana, maana hufuta kumbukumbu ya usumaku ambayo jiwe limeibeba tangu kuzaliwa kwake. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo 500 na kipenyo cha mita 2.5 ilipoanguka kijijini Mukuku, Makueni, Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua, na katika siku chache likatangaza kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha ni sehemu ya roketi. Kwa takataka ya wanadamu, utaratibu ulipatikana haraka.

Kwa kimondo hautahitaji mengi zaidi. Kamati ya kimataifa inayotoa majina ya vimondo hudai kwamba, kabla jina halijakubaliwa, gramu 20 za jiwe au asilimia 20 ya uzito wake, kiasi kile kilicho kidogo, ziwekwe katika taasisi inayotambulika. Haisemi taasisi iwe ya bara gani. Serikali ingeweza kuweka sharti lake linalofanana na hilo: anayetaka kutoa kimondo nchini aache gramu 20 Nairobi pamoja na mahali palipookotwa, siku na saa, na picha ya shimo, na aliyekiokota alipwe kwa kipande hicho bei ya soko. Kwa kimondo cha Thika hizo ni gramu 20 kati ya 14,200.